Eginogi ya Krismasi katika joto la Malindi

Eginogi ya Malindi lazima ipikwe. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu mapishi mengi yanayozunguka mitandaoni kila Desemba yameandikwa na watu walioko kwenye baridi. Wao huvunja mayai mabichi bakulini, wakatia maziwa, krimu na sukari, wakapigapiga na kuyaacha mezani, na kinywaji kikakawia kuharibika kwa sababu nyumba nzima ni baridi. Kwetu Krismasi huangukia katikati ya kaskazi. Mchana joto hupita nyuzi 30, mayai yamekaa kwenye trei dukani bila friji tangu yalipotoka kwa mfugaji, na stima ikipotea jioni hakuna ajuaye itarudi saa ngapi. Katika hali hiyo yai bichi ni hatari isiyoonekana wala kunuka: bakteria wa salmonela anaweza kuwa ndani ya yai lenye ganda safi, lisilo na ufa wala harufu yoyote mbaya.

Kuna faida nyingine ya kupika, nayo ni ladha. Viini vilivyopikwa taratibu na maziwa hutoa kinywaji kizito, laini, kisicho na shombo. Eginogi mbichi hupata uzito wake kutokana na krimu nyingi na ute uliopigwa povu, na povu hilo katika joto letu hushuka kabla wageni hawajaketi.

Kwa asiyeijua, eginogi ni kinywaji cha viini vya mayai, maziwa, krimu na sukari, kinachokolezwa kwa kungumanga, na wanywaji pombe huongeza ramu, brandi au wiski. Asili yake ni Uingereza, kwenye maziwa ya moto yaliyogandishwa kwa mvinyo au bia, kisha kikavuka bahari hadi makoloni ya Marekani, ambako maziwa na mayai yalikuwa mengi na ramu ya Karibi ilikuwa rahisi. Mwaka 1826 kinywaji hicho kilizua ghasia kubwa usiku wa mkesha wa Krismasi katika chuo cha kijeshi cha West Point, baada ya wanafunzi kuingiza wiski kwa siri. Mexico wana rompope, Puerto Rico wana coquito ya tui la nazi, Uholanzi wana advocaat. Na hapa Malindi, mji ambao Waitaliano wameuzoea tangu miaka ya 1960, utampata mpishi wa mgahawa anayejua zabaione: viini, sukari na mvinyo wa Marsala vinavyopigwa juu ya mvuke mpaka viumuke. Anayeijua zabaione amekwisha kujifunza nusu ya kazi hii, kwa sababu ugumu wa eginogi ni ule ule, kukipa kiini joto la kutosha bila kukigandisha.

Vipimo

Kwa bilauri 9 za mililita 150 unahitaji viini 8 vya mayai ya gredi, sukari gramu 150, maziwa lita 1, krimu mililita 250, chumvi robo kijiko cha chai, kungumanga iliyoparuzwa nusu kijiko cha chai, iliki punje 4 na kijiti kimoja cha mdalasini chenye urefu wa kidole. Ukitumia mayai ya kienyeji, hesabu viini 10, maana mayai hayo ni madogo, ingawa rangi ya viini vyake mara nyingi huwa nzuri zaidi. Kiini cha yai la kawaida kina gramu 17 au 18, kwa hivyo mwenye mizani ya jikoni apime gramu 140 za viini na aachane na kuhesabu mayai.

Gramu 150 za sukari ni robo tatu ya kikombe cha kupimia, kile cha mililita 240. Usipime kwa kikombe cha chai, kwa kuwa vikombe vya chai havilingani nyumba na nyumba. Ukionja mchanganyiko ungali moto utauona umezidi utamu kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwani kitu kikishakuwa baridi ulimi huusikia utamu wake kwa uchache. Anayepunguza sukari kwa kuonja sufuria ya moto huishia na eginogi isiyo na ladha kesho yake. Chumvi isiachwe. Haisikiki kama chumvi, bali huondoa ule ubapa wa maziwa na sukari.

Tunatumia viini peke yake. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu, mapema kuliko kiini, na ukiingia kwenye maziwa ya moto hutoa nyuzinyuzi nyeupe. Isitoshe, ile harufu ya yai lililochemshwa kupita kiasi hutoka zaidi kwenye ute. Ute wenyewe usiutupe. Mmoja au miwili itakufaa kwenye mkate wa kumimina asubuhi ya sikukuu, na iliyosalia igandishe kwenye kitrei cha barafu, kila ute tundu lake, uwe unatoa kadiri unavyohitaji.

Mayai na maziwa

Jaribio la maji lingali na maana. Tia yai kwenye bakuli la maji baridi: likizama na kulala ubavu, ni jipya, likisimama wima, limekaa lakini linafaa, likielea, liache. Sababu ni kwamba ganda lina vitundu, unyevu wa ndani hutoka kidogo kidogo na mfuko wa hewa upande wa butu huzidi kukua. Jaribio hilo linakueleza umri tu, halikuambii lolote kuhusu salmonela, na anayelichukua kuwa kibali cha kunywa mayai mabichi anajidanganya.

Usiyaoshe mayai siku unayoyanunua. Ganda limefunikwa na utando mwembamba unaoziba vile vitundu, na ukiuosha unaifungulia njia taka ya nje. Yaoshe unapokaribia kuyavunja, uyakaushe, kisha vunja kila yai kwenye kikombe cha pembeni kabla ya kulichanganya na mengine. Yai viza moja likiangukia kwenye bakuli lenye viini 7 umevipoteza vyote, na Desemba mayai hayawi rahisi.

Maziwa ya pakiti yanafaa, yawe ya siku chache au yale ya kukaa muda mrefu, mradi si yale yaliyoondolewa mafuta. Maziwa ya mchuuzi yachemshwe kwanza mpaka yainuke, yaachwe yapungue moto, utando uondolewe. Kuyapasha joto tu pamoja na mayai hakutoshi, kwa sababu maziwa mabichi yana magonjwa yake yenyewe na hujui yametoka ng'ombe gani. Krimu ya kupiga, yenye mafuta ya asilimia 35 hivi, hupatikana kwenye supamaketi za mjini, ila wiki ya mwisho kabla ya Krismasi huisha haraka. Ukiikosa, koroga vijiko 4 vya mezani vya maziwa ya unga kwenye ile lita ya maziwa ikiwa vuguvugu. Uzito utakaribia, ingawa ule ulaini wa krimu hutaupata wote. Wengine hupenda maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Hayana ubaya, lakini kopo la gramu 397 lina sukari ya kutosha mapishi yote na zaidi, basi acha sukari kabisa na usimimine kopo lote kwa pamoja, mimina robo tatu kisha uonje.

Viungo

Kungumanga inunuliwe nzima. Ile ya unga iliyokaa dukani kwenye kikaratasi imekwisha kupoteza mafuta yake mengi, na mafuta hayo ndiyo harufu. Chagua iliyo nzito mkononi, isiyo na vitundu vya wadudu. Ikwaruze kwa ukucha: ikiwa nzuri, mkwaruzo hung'aa mafuta na harufu yake hukupanda puani papo hapo. Iparuze kwa upande wa matundu madogo ya kikwaruzo, nusu ya kiasi iende kwenye maziwa na nusu ibaki ya kunyunyiza juu ya bilauri wakati wa kuandaa. Hiyo ya juu ndiyo mgeni anayoinusa kabla hajaonja. Usizidishe. Kungumanga nyingi ni chungu, na ikiliwa kwa vijiko humdhuru mtu kweli, moyo ukaenda mbio na kichwa kikazunguka. Nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima haina neno.

Iliki imenye, utwange mbegu zake kwenye kinu kidogo, maganda uyaweke kwa ajili ya chai. Mdalasini uwe kijiti, usiwe unga, kwa sababu unga wa mdalasini ukikaa kwenye maziwa huvuta maji na kutoa utelezi, na asubuhi unakuta ute mzito umetanda chini ya birika. Karafuu moja au mbili zinatosha kwa anayezipenda. Zikizidi hufanya ulimi ganzi na hutasikia kitu kingine. Zafarani kidogo, iliyorowekwa kwenye kijiko cha maziwa ya moto, huipa eginogi rangi na harufu ya karamu za Lamu, nami nayaona matumizi hayo bora kuliko manjano, ambayo wengine hutia ili viini vyao vionekane vya kienyeji. Manjano yana ladha ya mchuzi, na ladha hiyo haifichiki.

Kupika

Tia maziwa, krimu, chumvi, iliki, mdalasini na ile nusu ya kungumanga kwenye sufuria nzito. Pasha moto mpaka mvuke uanze kutoka na vipovu vidogo vijitokeze ukingoni, kisha epua, funika na uache dakika 15. Viungo vinatoa harufu yake wakati huo wa kutulia. Ukivichemsha kwa nguvu unapata uchungu wa mdalasini na maziwa yaliyoshika chini.

Wakati unasubiri, tia viini na sukari bakulini. Ukishamwaga sukari juu ya viini, anza kupiga mara hiyo hiyo. Sukari iliyoachwa juu ya kiini bila kukorogwa hukinyonya maji, na mahali ilipogusa panatokea vichembe vigumu vya manjano ambavyo havitayeyuka tena hata upige mpaka mkono uchoke. Piga kwa kipigio cha waya au uma kwa dakika 2 au 3, mpaka rangi ipauke na mchanganyiko udondoke kama utepe.

Sasa ondoa mdalasini, pasha maziwa tena yawe moto, yasichemke. Chukua upawa mmoja wa maziwa, umimine kwenye viini kidogo kidogo huku mkono mwingine ukipiga bila kukoma. Ongeza upawa wa pili, na wa tatu. Nia ni kuvizoesha viini joto. Ukivimwaga moja kwa moja kwenye sufuria ya moto, vile vya kwanza kugusa maziwa huganda kabla havijatawanyika, nawe umepika mayai ya kukoroga ndani ya maziwa matamu. Bakuli likishakuwa vuguvugu kwa nje, rudisha vyote sufuriani.

Hapo ndipo penye kazi. Moto uwe mdogo kabisa. Kwa jiko la gesi hilo ni jambo la kuzungusha kitufe, lakini kwa seredani toa makaa mengi ubakishe machache yaliyokwisha kushika majivu. Kama huna uhakika na moto wako, weka bakuli la chuma juu ya sufuria yenye maji yanayotokota polepole, chini ya bakuli pasiguse maji. Utachukua dakika 15 badala ya 8, lakini hutaunguza. Koroga kwa mwiko wa mbao wenye kichwa bapa, ukipitisha chini na pembeni zote, kwa umbo la nane, maana kinachogandia ni kile kilichoachwa kimetulia kwenye kona ya sufuria.

Mwenye kipimajoto ana raha. Nyuzi 71 za Selsiasi ndizo zinazotosha kuua salmonela katika mchanganyiko wa mayai na maziwa, na nyuzi 78 hadi 80 ndizo zinazotoa uzito mzuri. Ukikaribia 85 protini za kiini hushikana kwa nguvu, zikakamua maji yake, na eginogi inakatika. Maziwa na sukari ndivyo vinavyokupa nafasi hiyo: kiini kikiwa peke yake kingeganda kwenye nyuzi 65 hadi 70, lakini kikizungukwa na maziwa na sukari kinastahimili zaidi. Ndiyo maana anayepunguza sukari sana anajikuta pia na mchanganyiko unaokatika mapema.

Bila kipimajoto, tazama povu. Mwanzoni juu ya sufuria kuna vipovu vilivyobaki kutokana na kupiga. Kadiri mchanganyiko unavyokaribia kuiva, vipovu hivyo hutoweka kimoja kimoja, uso wa sufuria unakuwa laini na unaanza kusogea kwa uvivu nyuma ya mwiko. Inua mwiko, geuza mgongo wake juu, pitisha kidole katikati. Njia ya kidole ikibaki wazi na kingo zake zisitiririke kuifunika, imeiva. Epua wakati huo huo na umimine kwenye bakuli jingine kupitia chujio la matundu madogo. Usiiache kwenye sufuria uliyopikia hata dakika moja, kwa sababu sufuria nzito inaendelea kupika ikiwa nje ya jiko, na wengi huharibikiwa hapo, wakidhani wamekwisha kumaliza. Chujio ni lazima hata kama umepika vizuri: linashika maganda ya iliki yaliyoponyoka, vile vikamba vyeupe vinavyoshikilia kiini ndani ya yai, na chembe moja mbili zilizoganda.

Ukiona imeanza kufanya chembechembe, usikate tamaa na usiendelee kukoroga motoni. Imimine haraka kwenye bakuli baridi, ongeza vijiko 3 vya maziwa baridi kutoka kwenye friji, iache ipungue moto kidogo, halafu isage kwenye blenda kwa sekunde 20 na uichuje. Kama ndiyo kwanza imeanza kukatika, itarudi. Ikiwa imekwisha kujitenga, maji ya njano huku na mabonge kule, hairudi kuwa kinywaji. Mimina juu ya vipande vya mkate wa jana, tia zabibu, uoke.

Kupoza

Sufuria ya lita moja na nusu iliyoachwa juu ya meza katika jiko la Malindi hubaki vuguvugu kwa saa kadhaa, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoupenda. Kanuni ni kwamba chakula cha maziwa na mayai kisikae nje zaidi ya saa 2, na hewa ikipita nyuzi 32 isizidi saa 1. Kuitia sufuria ya moto kwenye friji pia si dawa. Utaipasha friji nzima, pamoja na samaki na nyama ya sikukuu.

Jaza beseni barafu na maji, tia konzi ya chumvi ili maji yazidi ubaridi, kisha tumbukiza bakuli la eginogi humo na ukoroge mara kwa mara. Dakika 20 zinatosha kuifikisha ubaridi wa kuingia kwenye friji. Barafu ya beseni inaweza kuwa ile ya vipande vikubwa inayouzwa kwa ajili ya samaki, mradi bakuli liwe na kingo ndefu na tone lisiruke ndani. Barafu hiyo isiingie kwenye kinywaji kwa hali yoyote. Funika kwa karatasi ya plastiki iliyogusa uso wa eginogi ili isifanye utando, na uilaze usiku kucha. Usiku huo una kazi: viungo hutulia, uzito huongezeka, na ladha ya yai hujificha nyuma ya kungumanga. Eginogi ya tarehe 25 ipikwe tarehe 24, isipikwe tarehe 20. Hata kwenye friji ya nyuzi 4, siku 3 ndizo mwisho.

Stima ikipotea, usifungue friji kuangalia. Ikifungwa vizuri hushika ubaridi kwa saa 4 hivi. Zaidi ya hapo, eginogi iliyopata uvuguvugu imwagwe, hata kama haijachacha na hata kama inauma kuimwaga.

Pombe ikae nje ya sufuria

Krismasi ya mji kama Malindi haina mgeni wa aina moja. Jirani Mwislamu ataleta sahani yake na kuketi, watoto wapo, na mgeni aliyepanda basi kutoka Lamu kuja kuwaona ndugu zake huenda asiguse kileo maisha yake yote. Kwa hivyo pika sufuria moja isiyo na pombe, kila mtu aweze kuinywa kwa moyo mweupe, na anayetaka ramu aongeze mwenyewe mililita 30 kwenye bilauri yake, akitumia vyombo vyake. Ukiitia yote kwenye birika umewafungia nje nusu ya waliokuja.

Adabu hiyo inafika mpaka kwenye vanila. Vanila nyingi za chupa zimetengenezwa kwa alkoholi, na baadhi yake ina zaidi ya theluthi. Soma kibandiko, au iache kabisa. Iliki na kungumanga hazihitaji msaada wa vanila, na kwa ladha ya pwani naona inazifunika tu.

Wapo wanaosema pombe ndiyo inayoua vijidudu. Kwa kiwango fulani ni kweli. Katika taasisi ya Rockefeller, New York, mwanabiolojia Rebecca Lancefield alikuwa na eginogi yake ya mayai mabichi na pombe kali iliyokaa wiki kadhaa kwenye friji, na wanasayansi wa hapo baadaye waliitia salmonela kwa makusudi wakakuta bakteria wamekufa baada ya wiki 3 hivi. Lakini hiyo ilikuwa pombe nyingi, na friji isiyozima. Mkono mmoja wa ramu ndani ya birika la jioni hauui kitu.

Mnazi usiutie. Kilifi nzima ina mnazi mzuri na wazo huja lenyewe, lakini mnazi unaendelea kuchacha tangu unapogemwa. Asidi yake huyagandisha maziwa hapo hapo, ukabaki na mabonge yanayoelea. Ndimu, ukwaju na pasheni hufanya hivyo hivyo.

Tangawizi nayo ina mtego wake. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoyakatisha maziwa yakiwa ya moto, na wapika chai ya maziwa wamekwisha kuliona hilo. Ukiitaka kwenye eginogi, ichemshe kwanza kwenye maji kidogo kwa dakika 5, maji hayo ndiyo uyatie. Kwa asiyekunywa pombe na anayeona eginogi tupu imelegea, mimi napendekeza kahawa chungu, ile ya dele, vijiko 2 vya mezani kwa bilauri, ikiwa imepoa. Uchungu wake hukata mafuta ya krimu vizuri zaidi kuliko ramu.

Ya tui

Eginogi ya tui ndiyo ninayoitetea zaidi. Haihitaji krimu, nazi iko kila soko, na viungo vyetu vimezoeana nayo tangu zamani. Lakini tui lina tabia zake na anayelichukulia kama krimu atajuta.

Chagua nazi 2 zilizokomaa, zinazopiga maji ukizitikisa, zisizo na unyevu kwenye macho. Zikune kwa mbuzi, onja machicha kabla ya kukamua, maana nazi iliyoanza kuchacha huharibu sufuria nzima. Mimina mililita 250 za maji ya moto yaliyochemshwa, fikicha, kamua kwa kifumbu, upate tui zito karibu mililita 400. Tui la pili liwekee wali. Maziwa yawe mililita 850, viini na sukari vile vile, krimu iondolewe. Tui lisizidi theluthi moja ya majimaji yote.

Upikaji ni ule ule, ila tui liingie mwisho, pamoja na viini vilivyokwisha kuzoeshwa joto, likorogwe upande mmoja na lisichemke, lisije likakatika na mafuta yakaja juu. Shida kubwa huja baadaye, kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Joto la jikoni kwetu huyafanya yawe majimaji, kwa hivyo unapopika huoni kitu, lakini asubuhi unafungua birika unakuta gamba jeupe gumu juu yake. Halijaharibika. Kinga yake ni kuisaga eginogi kwenye blenda dakika nzima ikiwa bado vuguvugu, kabla ya kuipoza, ili mafuta yagawanyike kuwa matone madogo sana na viini viyashikilie yasikutane tena. Usijaze jagi la blenda zaidi ya nusu wala usikaze kifuniko, mvuke wake hurusha. Kisha itoe kwenye friji dakika 15 kabla ya kuiandaa na uitikise. Eginogi ya tui isiwe baridi sana kama ya krimu, na isikae zaidi ya siku 2.

Kuandaa

Bilauri zipozwe kwanza. Barafu ya kawaida usiitie, huikatia uzito na pengine imetengenezwa kwa maji usiyoyajua. Jaza kitrei kimoja cha barafu kwa eginogi yenyewe usiku ule wa kupika, na vipande hivyo ndivyo vitakavyopoza birika mezani bila kuitia maji. Nyunyiza kungumanga mbichi juu. Pembeni weka kitu cha chumvi: korosho za kukaanga, ambazo ni za kwetu, au krispi za muhogo zisizo na ndimu. Kaimati na visheti pamoja na eginogi ni sukari juu ya sukari, na baada ya bilauri moja mgeni hataki tena.

Birika likikaa mezani saa 1, libadilishwe na lililokuwa kwenye friji, usiongezee la baridi juu ya lililopata joto. Iliyobaki kwenye friji siku ya pili ina kazi nzuri kuliko kunywewa: igandishe kwenye kisanduku cha plastiki, itoe kila baada ya dakika 40 uipige kwa uma kuvunja chembe za barafu, mara 4 au 5. Mchanganyiko wa viini, maziwa, krimu na sukari uliopikwa hivi ni sawa na ule wanaouanzia watengenezaji wengi wa aiskrimu, na kwa joto la mwisho wa Desemba watoto wataimaliza kabla ya tarehe 27.